Kuvuta Ndiyo Kwenda

Ndugu zangu wawili wamekuwa wakitaka kuuana kwa muda mrefu, na mimi ndiye ninayesimama katikati nikipokea makonde ambayo hata si yangu. Kwenye mazishi ya shangazi yetu, Kiptum alimrukia Kibii mbele ya jeneza, wakabingirika hadi kwenye masufuria ya wapishi, na nilipoingia kuwaamua nikapigwa kiwiko cha mdomo. Jino langu la mbele likakatika. Hakuna aliyeniomba msamaha mpaka leo, kwa hiyo nikiwasema vibaya mnivumilie.

Ugomvi wao ni wa mkono. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao Elburgon. Kiptum, mkubwa wetu, alikuwa fundi wa mashine. Kibii, kitinda mimba, aliendesha kigari, ile troli ya chuma inayobeba gogo na kulipeleka kwenye msumeno. Kibii akaugua malaria, akalala nyumbani, Kiptum akamshikia kazi kwa hasira zake zote. Asubuhi ambayo Kibii alirudi kazini, Kiptum alimwita mvivu mbele ya wapakiaji wa lori, wakashikana, Kibii akapasuliwa nyusi. Alijifuta damu akasema, "Utajuta." Kila mtu alilisikia neno hilo.

Kabla ya chai, hata kabla Kibii hajakisogeza kigari mara moja, kipande cha mbao kilionekana kimekwama karibu na msumeno. Kiptum akainama kukitoa, akamwambia Kibii arudishe kigari nyuma. Kigari hakikurudi nyuma. Kilikwenda mbele na gogo lake, kikausukuma mkono wa Kiptum kwenye meno ya msumeno. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikwenda na nusu ya kiganja, damu ikaruka hadi kwenye mabati, na Kibii alikuwa bado ameng'ang'ania leva ya kigari akipiga kelele, "Nimerudisha! Nimerudisha!"

Kiptum hakuyasikiliza maneno hayo hata siku moja. Yeye alikiona kigari kikija. Aliambiwa atajuta, akajuta, na kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mwenye kiwanda alifunga mashine, akaiuza kama chuma chakavu. Kibii alihama hadi Kamere kufanya kazi kwenye shamba la maua, na Kiptum akaapa kwamba siku atakayompata vizuri atamkata mkono huohuo, wa kulia, ili wawe sawa.

Mimi nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Nakuru, na chumba cha nyuma nimeweka mashine mbili za michezo. Kiptum alipotoka hospitali alikuwa akija kukaa hapo siku nzima, akitazama ukuta kwa chuki. Nikaona huyu mtu ataua. Nikampa mchezo wa ndege za vita.

Nilimtengenezea kila kitu kwa vipimo vyake. Joystick nyingi, zile fimbo za kuongozea ndege, zimechongwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo nilitafuta moja iliyonyooka tu, nikaibana upande wa kushoto wa meza kwa jiriwa ndogo. Kulia nikaweka throttle, leva ya kuongeza na kupunguza kasi, nikaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili kiganja chake na kile kidole gumba kilichobaki visiteleze. Kitufe cha mizinga nikakiweka chini ya kidole cha shahada. Nikalegeza fimbo kidogo pale katikati ili mkono ukitetemeka ndege isitetemeke nayo, maana mkono wake mzima ulikuwa ukitetemeka sana siku zile.

Mara ya kwanza alipopaa, alianguka papo hapo, akaipiga meza teke.

"Jebet, hii throttle yako imegeuka."

"Haijageuka. Sukuma mbele ndiyo kasi. Dunia nzima ni hivyo."

"Mimi nimezoea kuvuta. Kuvuta ndiyo kwenda."

Kiptum ndivyo alivyo. Ukimpa kiti anakigeuza, ukimpa jembe anabadilisha mpini, na akishabadilisha hamwambii mtu, wewe utajua ukishaumia. Sikuwa na nguvu za kubishana naye. Kwenye mpangilio wa mchezo kuna kisanduku cha kugeuza leva, nikakibonyeza, na tangu hapo akivuta ndege inakimbia, akisukuma inapoa. Aliipenda mno. Aliwaangusha watu wa Urusi na Brazili akiwatukana kwa Kikalenjin, moto ukijaa kwenye skrini, marubani wakiungua, na jioni alikwenda nyumbani ametulia.

Halafu Kibii akapata mchumba. Baba akasema wazi kwamba hatakwenda kwa watu kuomba msichana na wana wanaowindana kama fisi, kwamba Kiptum akikosa kwenda hakuna atakayekwenda. Kiptum akajibu kwamba atakwenda, na panga atakwenda nalo.

Nikajiona mwerevu. Nikasema, hawa wapigane mpaka waishiwe, lakini wapigane pale ambapo damu ni ya rangi tu. Nikawaita dukani kwangu, Kiptum bila kumwambia kwamba Kibii anakuja.

Kiptum alikuwa amekaa tayari, koti kubwa mwilini kama kila siku tangu habari za mchumba, ingawa jua lilikuwa kali. Kibii alipoingia, Kiptum alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Huyu amefuata nini hapa?"

"Nimemwita mimi," nikasema. "Unataka kumuua, muue. Mashine ndiyo hiyo. Ukigusa mtu kwa duka yangu, hutawahi kanyaga hapa tena."

Kibii alikuwa amekonda, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba ya waridi. "Sawa tu, sis," akasema. "Wacha anipige vile anataka. Nimechoka."

Mashine ya pili ilikuwa na throttle ya bei rahisi na joystick ya kawaida. Nilikuwa na haraka, naogopa Kiptum asibadili nia, kwa hiyo sikuanza kupanga kitufe kimoja kimoja. Nilinakili mpangilio wa Kiptum wote jinsi ulivyo, nikaubandika kwa Kibii, nikambadilishia upande wa fimbo tu. Nikamwonyesha. "Fimbo ndiyo ya kugeuka. Hapa ni mizinga. Throttle, sukuma mbele ukitaka kasi, vuta ukitaka kupunguza."

Kile kisanduku sikukikumbuka.

Wakaanza hewani, uso kwa uso. Kibii alisukuma leva mbele kama nilivyomwambia, na ndege yake ikalegea, ikainamisha pua kama ng'ombe mgonjwa. Kiptum alipita juu yake akampasua kuanzia mkiani hadi kwenye kiti. Kioo cha skrini ya Kibii kikajaa damu. Kiptum akacheka.

"Tena," akasema.

Akamuua tena. Akampiga risasi bawa likang'oka, akamfuata akianguka akaendelea kumpiga. Kibii aliporuka kwa mwavuli, Kiptum alirudi akamkata na mwavuli wake. Nilifikiri hasira itapungua lakini ilikuwa ikipanda. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, jasho linamtiririka, na kila mara anasema neno moja tu, "Tena." Mimi nilimwona Kibii bwege. Nilimkaripia, "Sukuma mbele, si umesukuma?" naye akasema amesukuma, na kweli leva ilikuwa imefika mwisho.

Mara ya mwisho Kiptum alikuja kwa kasi kubwa mno. Ndege ya Kibii ilikuwa ikijikokota, kwa hiyo Kiptum alipitiliza, akatokea mbele yake. Kibii, kwa kuhangaika, alikuwa ameivuta leva kidogo. Ndege yake ikaamka. Mkia wa Kiptum ukaanza kukua kwenye skrini.

"Rudisha," nikamwambia. "Rudisha kasi, utamgonga."

Kibii akavuta leva yote, kwa nguvu zake zote, mpaka meza ikasogea. Ndege ikaruka mbele, ikaingia kwenye mgongo wa Kiptum, na skrini zote mbili zikawa moto.

Sikuona Kiptum akisimama. Nilisikia jiriwa ikigonga mfupa. Alikuwa ameing'oa mezani na joystick yake, akampiga Kibii nayo sikioni, akampiga tena alipoinama. Nilimrukia mgongoni, akanitupa kwenye rafu, chaja na nyaya zikanimwagikia. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameulaza mkono wa kulia wa Kibii juu ya meza, ameukandamiza kwa goti, na panga lilikuwa limetoka ndani ya koti.

"Mara ya pili," akasema, sauti imempasuka. "Mbele ya macho yangu, mara ya pili."

Damu ya Kibii ilikuwa ikidondokea kwenye kibodi. Hakupigana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeishika leva, ameivuta hadi mwisho, na alikuwa analia kama mtoto. "Nimerudisha, Kiptum. Nimerudisha. Angalia, nimerudisha."

Nikaangalia. Leva ilikuwa imevutwa nyuma kabisa. Kwenye skrini mchezo ulikuwa umeanza upya wenyewe, ndege mpya ya Kibii iko hewani, na injini inanguruma kwa kasi ya mwisho.



"Kiptum, ngoja," nikasema. "Ni mimi. Nimemwekea settings zako. Yeye amevuta ili apunguze. Kwako kuvuta ni kwenda."

Panga lilibaki juu. Kiptum alitazama leva, akatazama skrini. Nami nikasikia kinywa changu kikiuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ile alipoipiga meza yangu teke.

"Ulizoea wapi kuvuta?"

Aliendelea kuikodolea macho leva.

"Kiptum. Leva ya kigari, ya pale mill. Ilikuwa ya kusukuma ama ya kuvuta?"

"Ya kusukuma," Kibii akasema, shavu lake limelala mezani. "Ukisukuma inaenda kwa msumeno. Ukivuta inarudi. Tangu niajiriwe."

Uso wa Kiptum ukaanza kubadilika. Sijawahi kuona uso ukifanya vile, na sitaki kuona tena.

"Bega ilikuwa inaniuma," akasema, polepole sana. "Wakati alikuwa mgonjwa. Kusukuma ilikuwa inaniumiza. Nikafungua, nikaigeuza."

"Ukamwambia nani?"

"Nilikuwa nimwambie hiyo asubuhi." Akashusha panga. "Halafu tukapigana."

Panga lilianguka, likakata waya wa kipanya. Goti lake likatoka juu ya mkono wa ndugu yake. Akarudi nyuma hadi ukutani akateleza akakaa chini, kile kipande cha kiganja amekibana kifuani.

Kibii aliinuka, sikio limechanika, shati jekundu hadi kiunoni. Alimtazama kaka yake. Mtu huyu aliitwa muuaji kanisani, alikimbia kwao, alizikosa sherehe zote za nyumbani, na kwa miaka yote hiyo alikuwa ameanza kuamini kwamba labda mkono wake kweli ulifanya alichokitaka moyo wake. Aliniambia hivyo baadaye.

Akamwendea akampiga. Alimpiga ngumi ya pua, ikavunjika, niliisikia. Akampiga mdomo, akampiga jicho, akamshika masikio akakigongesha kichwa ukutani mpaka rangi ikabanduka. Kiptum hakuinua mkono mzima wala ule mbovu. Alikuwa ameuelekeza uso wake juu, kwake, ili asikose.

Mimi, ninayewaamua siku zote, nilivuta kiti nikakaa. Nililia, lakini nilikaa.

Kibii alipoishiwa nguvu, alianguka sakafuni kando ya Kiptum. Wakakaa hivyo bega kwa bega, wakihema, damu ya huyu na ya yule zimechanganyika kwenye saruji yangu. Injini ilikuwa bado inanguruma kwenye spika.

"Ungeniambia tu," Kibii akasema. "Kiptum, si ungeniambia tu."