Kikohozi cha Koko

Mafua yalipoingia nyumbani kwa Papa Tambwe, pale Kindu, mgonjwa alikuwa yeye peke yake, ndivyo alivyotangaza. Pua ilitiririka, naye akaugua kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto.

"Feza, mwanangu, ninakufa! Niongeze supu ya kuku."

Feza alipokwenda jikoni kumhudumia marehemu, alimkuta Koko, mama yake Tambwe, ameinama, kitenge kimeziba mdomo, mabega yakiruka bila sauti. Wakati wa vita, walipojificha msituni kule Pangi, kikohozi kimoja kingewaitia askari. Tangu hapo Koko alikohoa hivyo. Sasa midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, na mbavu zilizama kila alipovuta pumzi.

"Koko! Tangu lini?"

"Usipige kelele. Baba yako ni mgonjwa."

Feza akaita pikipiki.

"Na mimi je?" Tambwe alinguruma kitandani, kwa mapafu yenye afya kamili.

Kwenye baraza la hospitali, lililojaa watu, Feza alimtoa Koko kitenge mdomoni. "Kohoa, Koko wangu. Vita vimekwisha."

Koko akakohoa kwa sauti, na manesi wakaja mbio.