Bithika na Ngozi Iliyochoka

Bithika Sanyal alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, na tangu utotoni alikuwa akiogelea katika bwawa la klabu ile ile kaskazini mwa jiji la Kolkata, India. Siku hizi alikuwa akirudi nyumbani hoi, na si kwa kuogelea. Ngozi ndiyo iliyomchosha. Mabega yalitoka magamba, na mgongo ulimuwasha hadi akajisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Alijipaka mafuta ya haradali, kama mama yake alivyomfundisha. Yakazidi kumchoma.

Asubuhi moja katibu wa klabu, Tarapada, alimsimamisha getini.

"Samahani, mama. Mwenzako amelalamika, eti una ugonjwa wa kuambukiza. Pumzika kwanza mpaka daktari aseme."

"Nani huyo?"

"Usinitie matatani, mama."

Bithika hakubisha. Hakuwa na nguvu za kubisha. Alikwenda kwa daktari wa ngozi, naye akamkagua taratibu.

"Huambukizi mtu," daktari alisema. "Ngozi ikizeeka hukauka, na dawa ya kusafishia maji ya bwawa inaikausha zaidi. Achana na haradali. Oga maji safi kabla ya kuingia, na tena ukitoka, yawe vuguvugu tu. Usijisugue kwa taulo, jifute kwa kugusagusa tu. Kisha paka haya mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu."

Daktari akampigia simu Tarapada, na kesho yake Bithika akafunguliwa geti.

Katika chumba cha kubadilishia nguo alimkuta Sulekha, rafiki yake tangu shuleni, amekaa kwenye benchi, bado amevaa sari yake.

"Umerudi," Sulekha alisema bila kumtazama.

"Nimerudi. Mbona huingii majini?"

Sulekha akapandisha sari. Miundi yake ilikuwa imepasukapasuka, ikivuja damu hapa na pale.

"Umeniambukiza, tazama! Ndiyo maana nilikwenda kwa Tarapada."

Bithika akakaa chini.

"Kumbe ni wewe. Ungeniambia mimi."

"Ningekuambiaje? Niseme, 'Shoga, una ukoma?'"

Bithika alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu.

"Si ukoma, mjinga wewe. Ni uzee na dawa ya maji."

"Mzee ni wewe."

"Na miundi hiyo ya nani?"

Sulekha akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Bithika akamwachia kopo la mafuta, akaenda kuogelea. Alipotoka na kujimwagia maji safi, Sulekha alikuwa bado pale, miguu inang'aa.

"Geuka nikupake mgongoni. Hufiki huko."

"Polepole! Unakanda unga?"

"Tulia. Mgongo wenyewe kama barabara mbovu."

Baada ya wiki kadhaa muwasho ulipungua, ingawa haukwisha. Wakawa wanapakana mafuta kila asubuhi. Lakini chai ya pamoja pale nje ya klabu, waliyoinywa miaka yote, Bithika aliiacha, maana hakusahau nani aliyemchongea kwa Tarapada. Akishavaa, alimuaga Sulekha kwa adabu, akaenda zake nyumbani kulala.