Theluji ya Shem Ilivyofungwa

Wacha niseme wazi: Shem alinyimwa theluji na maombi. Mimi, Cyrus, ninakaa naye chumba kimoja huku mtaa wa Al Barsha, katika jiji hili la jangwani, kwa hivyo usinibishie.

Kazi ya Shem ni kugawa buti kwenye ule mlima wa theluji ulio ndani ya mall. Ndiyo, ndani ya mall. Nje watu wanaiva kwa jua, ndani wanalipa watetemeke. Wageni wakipungua alipanda na ubao wa kutelezea, akateleza na kuanguka, mpaka siku moja akawapita walimu wa kuteleza wenyewe. Akaomba ualimu. Bosi akamwambia, "Niletee msimu mmoja wa mlima wa kweli, kazi ni yako." Basi Shem, mtu wa Vihiga, akaomba likizo, akapata kibarua cha kuosha vyombo katika hoteli moja milimani, nchini Georgia, majira yote ya baridi, ili zamu ikiisha ateleze.

Sasa Anti Lois. Yeye ni yaya huko Mirdif, mtaa mwingine wa jiji hili, na ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Kusikia neno baridi, alishika kichwa.

"Mamake aliniambia huyu mtoto aliugua nimonia! Hicho kifua kitastahimili?"

Akatangaza mfungo. Tukafumba macho, naye akanguruma: "Baba, ifunge hiyo baridi! Vunja nguvu za barafu! Iyeyuke!" Tukaitikia amina kwa sauti, hata mimi, maana njaa ilikuwa inauma na nilitaka tumalize.

Januari Shem akapiga simu ya video. Nyuma yake nyasi. Ng'ombe wanakula. Yeye mwenyewe amevaa fulana, jasho linamtoka.

"Cyrus, huku ni kama kwetu Vihiga! Wazee wa hapa wanasema hawajawahi kuona maajabu kama haya."

Anti Lois akaninyang'anya simu. "Haleluya! Mungu wetu hujibu!"

"Anti," Shem akauliza polepole, "kwani mliomba nini?"

Akamweleza, tena kwa fahari. Shem akapiga kelele: "Anti, fungua! Tafadhali, fungua hiyo kitu!"

"Mungu si mfereji, ufunge ufungue."

Hapo nilimjia juu, adabu kando. Kijana wa watu anapoteza kazi na wewe unashangilia? Alinitazama vibaya, lakini Ijumaa iliyofuata alipiga magoti. "Baba, lete theluji. Kidogo tu. Na yeye avae sweta."

Hakutaja wapi. Kesho yake mvua ya mawe ikashuka Mirdif, ikapasua kioo cha gari la madam wake.

"Khalas, basi imetosha," Anti akasema. "Mimi siombi tena mambo ya hali ya hewa."

Shem alirudi na ubao usio na hata mkwaruzo. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akampa ualimu mtu mwingine. Shem akarudi kwenye buti zake. Iliniuma, sikufichi.

Ijumaa ya wiki hiyo tulikutana kuomba kama kawaida, kila mtu anataja ombi lake: visa, karo, madam mkali. Zamu ya Shem ilipofika, Anti Lois alimshika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga.

"Sema, mwanangu. Tukuombee nini?"

Shem alimwangalia kwa upendo, upendo wa kweli kabisa.

"Sina ombi, Anti. Nikilitaja, utanisaidia."