Marehemu Alois Hajamaliza

Kaka yangu Thani ni mtu wa desturi. Ukimpa kahawa kwa mkono wa kushoto, haoni kahawa, anaona mkono. Kwa hiyo Israa, bintiye wa pekee, alipomwambia kwamba anataka kwenda Brno, huko Ulaya, mwaka mzima kwa ajili ya mwanamume, mimi shangazi mtu nilijua siku hiyo hatutalala salama.

"Mwanamume gani?" Thani akauliza.

"Alois Krchleb, baba. Amekufa zamani."

Thani akashusha pumzi. Maiti angalau haposi. Hata hivyo akauliza yale yale tunayouliza posa inapoletwa: mtu wa wapi, watu wake wepi, kazi yake nini.

"Mtu wa Moravia, huko Cheki," Israa akasema. "Baba yake alikuwa na kinu ya kusaga ngano. Yeye alitunga muziki ya piano na okestra, nzuri, wallahi. Ikapigwa mara moja tu, halafu vita ikaja, watu wakamsahau. Vitu zake zote ziko ndani ya masanduku, na hakuna mtu anazifungua. Watu wa maktaba ya Brno wananitaka mimi nizifungue, nizipige."

"Watoto?"

"Hana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, baba."

Thani akavuta ndevu. "Nitamsikiliza kwanza," akasema. "Mpaka mwisho. Akimaliza yeye, ndipo nitasema mimi."

Jina la ukoo lilitushinda. Ulimi wetu umezoea kupumzika kidogo katikati ya neno, na lile halina pa kupumzikia. Tukamwita marehemu Alois, na haukupita muda akawa kama ami yetu mmoja aliyebaki Bujumbura wakati sisi tunahamia Oman. Nikipika, namuuliza Israa, "Marehemu alikuwa akipenda nini?" Naye ananijibu bila kucheka.

Piano iko kwangu, Ibra. Niliinunua kwa mwalimu mmoja mgeni aliyefundisha Sur na sasa alikuwa akirudi kwao, na mume wangu, Mungu amrehemu, alisema nimeleta kabati lenye kelele. Vumbi la jangwa la Mintirib huingia ndani, nyuzi zikalegea, na Israa huzikaza mwenyewe. Okestra hatuna. Mtoto wa watu alikesha akiandika fidla na tarumbeta zote kwenye kompyuta, akitazama picha za kurasa alizotumiwa na maktaba ya Brno. Basi marehemu angetoka nusu vidoleni mwa Israa, nusu kwenye spika.

Siku ikawa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Brno walitaka jibu kabla ya Jumapili. Thani alikuja kutoka Nizwa na mkewe Shukriya, na akamchukua rafiki yake Muhanna amshuhudilie, kama mtu anayekwenda mnadani kununua mbuzi. Majirani zangu nao wakaja kusikiliza.

Asiyetujua nimweleze jambo moja. Kwetu, udi ukishapitishwa, hakuna kukaa tena. Mgeni atakula, atakunywa kahawa, atapakwa marashi, kisha kitaletwa chetezo, atajifukiza, ataaga. Sisi mgeni hatumfukuzi, tunamfukiza.

Wifi yangu Shukriya hakutaka kukaa sebuleni. Alisema akimwona mtoto wake kwenye piano atalia, na akilia yeye, Thani atapata sababu ya kukataa. Akabaki jikoni na makaa yake, akisikiliza nyuma ya mlango.

Sehemu ya kwanza ilikuja kwa kishindo hata Muhanna akamwagia kahawa kanzu yake. Ya pili ilikuwa ya taratibu. Thani alifumba macho. Nilidhani kasinzia, kumbe kidole chake kilikuwa kinacheza juu ya goti. Kisha sauti zikapungua, moja moja, mpaka ikabaki moja, nayo ikazimika. Marehemu alitaka kimya kirefu pale kabla ya sehemu ya mwisho, na Israa akampa kimya chake, mikono mapajani.

Mlango ukafunguka. Shukriya, akidhani muziki umekwisha, akaingia na chetezo, moshi umemtangulia.

Nikamtikisia kichwa kumzuia. Akadhani namsifu, akatabasamu, akamfikia Muhanna. Muhanna, mtu wa watu, akajipepea ndevu, akasema, "Allah yikaththir kheirkum," yaani Mungu awazidishie kheri, akasimama. Majirani wakasimama. Thani naye akasimama, na hapo niliuona uso wake. Alikuwa amefurahi. Aliahidi kujibu mwisho, na mwisho wenyewe umetolewa na mkewe kwa mikono miwili. Angerudi Nizwa bila kusema ndiyo wala la, na Jumapili ingepita peke yake. Nilitaka kumvuta kanzu.

Israa aliutazama mgongo wa babake ukienda mlangoni. Alinyoosha kidole tu, akabonyeza kompyuta.

Ngoma zikalia kutoka kwenye spika. Kisha piano ikaingia.

Thani alikuwa kashavaa kiatu kimoja. Maskini kaka yangu, desturi mbili zilimshika kila moja upande wake. Udi umepita, basi hakai. Lakini mtu anazungumza, na anayezungumza hapewi mgongo, seuze marehemu. Akageuka, akasimama pale pale, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila. Muhanna akasimama, majirani wakasimama, na Shukriya akasimama na moshi wake asijue aupeleke wapi. Nilimsogezea Thani kiti, maana magoti yake mabovu. Akakikataa kwa mkono.

Mimi muziki siujui. Lakini sehemu ile ilikuwa ya furaha, furaha ya mtu anayeona wenziwe washavaa viatu naye bado ana la kusema. Ilikwenda mbio, ikarudi, ikatania, na Israa alikuwa anacheka huku anapiga. Nilimpenda mtoto yule siku ile kuliko siku zote.

Ilipokoma, hakuna aliyejitikisa. Tulikwisha tiwa adabu.

"Kamaliza huyu?" Thani akauliza.

"Kamaliza, baba."

"Hakika? Asije akaanza tena."

"Khalas, baba. Ndio mwisho."

Thani akaisogelea piano, akaweka mkono juu yake kujishikiza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sauti ile sijaisikia kwake tangu tumzike mama.

"Mtu kama huyu, na hana hata mtoto wa kumfungulia masanduku," akasema. "Basi nenda. Namwazima wewe. Mwaka mmoja tu, Israa. Yeye hakujaaliwa, na mimi nimejaaliwa wewe peke yako. Akishamaliza, anirudishie."

Ule mkono ulioshika piano ukaachia, na kaka yangu akamkumbatia bintiye kwa mikono yote miwili.