Mgawa Maji na Mgongo wa Romana

Baba mdogo Anselmo anajua kila kitu. Muulize mwenyewe, atakwambia. Kwetu Mpimbwe, tunakolima mpunga, ndiye mgawa maji: huamua mfereji upi ufunguliwe, jaruba la nani linywe leo na la nani lisubiri. Miaka ishirini ya kuyaamrisha maji ilimfanya aamini kwamba hata damu itamsikiliza.

Mwaka mmoja mke wangu Romana, binti wa kaka yake, aliota uvimbe kwenye uti wa mgongo. Miguu ikaanza kufa ganzi, akawa anatembea kwa fimbo, analia kwa maumivu. Hospitali ya Mpanda walituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Tukapanda treni watatu, maana baba mdogo alisema mimi Ponsian sijui kusemezana na madaktari. Kweli alisemezana nao. Hata mfagiaji wa wodi alipewa ushauri.

Daktari alikuwa mpole kuliko tulivyostahili. Alisema uvimbe ule umejaa damu, na wakiukata hivi hivi Romana ataishiwa damu mezani. Kwanza watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka karibu na mgongo, wazibe mishipa inayoulisha uvimbe. Kesho yake, au keshokutwa, kabla damu haijatafuta njia nyingine, watampasua na kuutoa.

"Ndipo atatembea?" nikauliza.

"Tukiwahi, ana nafasi nzuri."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi. "Nimeelewa. Hata mimi ndiyo kazi yangu hiyo."

Wakaziba. Asubuhi iliyofuata Romana aliketi kitandani, akanywa uji, akacheka. Maumivu yalikuwa yamepungua sana. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu Kwaresima, nami nililia bila aibu.

Baba mdogo hakulia, alifunga mizigo. "Amepona. Sasa wampasue nini? Mwenye maumivu hupasuliwa, asiye na maumivu huchinjwa."

Nesi akamweleza kwamba uvimbe bado umo. Daktari akaja kurudia yale yale. Baba mdogo akawaambia wamefanya kazi nzuri, wasiiharibu kwa uchu wa kisu. Romana akanitazama. "We unasemaje, baba Kalisti?"

Nilisema nini? Nilisema mkwe hajibiwi. Ndiyo desturi yetu, na mwoga haachi desturi inayomfaa. Daktari akaleta karatasi ya kukataa upasuaji. Baba mdogo hajui kuandika, kwa hiyo saini ni yangu, tena ya mwandiko mzuri.

Nyumbani tulipokelewa kwa vigelegele. Baba mdogo alichinja mbuzi, akatoa sadaka ya shukrani kanisani, akasimulia alivyomwokoa mwanawe mikononi mwa wapasuaji. Watu wazima wenye akili zao wakampigia makofi. Nami nilikula nyama ya mbuzi yule.

Wiki ya sita Romana alianguka mlangoni na fimbo yake, na miguu haikuinuka tena. Tulipoandika Dar, jibu lilisema tumechelewa.

Msimu uliofuata baba mdogo alikuja kututembelea, akaketi kibarazani karibu na mkeka wa Romana. Jirani yetu Gelasius akapita kumuuliza neno. Alikuwa ameziba mfereji ili ajenge upya tuta lililobomoka. Je, anaweza kwenda mnadani kwanza, alijenge Jumamosi?

Baba mdogo akamcheka. "Nyie vijana hamna akili. Ukiziba maji, jenga siku hiyo hiyo. Ukiyaacha yatapata pengine pa kupita, na tuta lote litakwenda. Hata mtoto anajua."

Gelasius akashukuru, akaenda. Romana akamgeuzia uso.

"Baba mdogo, hilo umelijua tangu lini?"

Mgawa maji wetu akanyanyuka, akasema anakwenda kuukagua mfereji wa Gelasius. Romana akanigeukia mimi.

"Na wewe, mkulima wa mpunga?"