Dwarka Sahu Aingia Ukoo wa Kobe

Jumatatu ya kwanza ya Magh, mwezi wa baridi, jua likiwa limeshapanda juu ya kilima cha Sirumdih, Dwarka Sahu alishuka kwenye pikipiki yake mbele ya shule yetu akiwa amefunga kilemba cheupe chenye pindo jekundu, upinde mkononi. Kilemba kilikuwa kipya. Upinde ulikuwa bado na kibandiko cha duka lake.

Kwenye baraza ya shule alikuwa amekaa afisa ardhi kutoka makao ya wilaya, mwanamke mkavu mwenye miwani, aliyekuja kusikiliza shauri la Jauni. Jauni ni mjane wa Lakhan Horo, wa ukoo wa Kobe; Horo kwa lugha yetu ni kobe. Lakhan alipokuwa hai alimwazima Sahu shamba lake la mpunga akaushie matofali kiangazi kimoja. Lakhan akafa, matofali hayakuhama, na sasa katikati ya shamba palikuwa na tanuri lenye bomba refu la moshi. Sahu alisema aliuziwa. Jauni hakuwa na shamba jingine, alikuwa akilima kibarua kwa watu.

Sheria ya ardhi ya huku kwetu Chotanagpur ni wazi: shamba la Mmunda, mtu wa kabila letu, haliendi kwa diku, yaani mtu wa nje, hata kama mwenyewe ameridhia. Sahu hakubishana na sheria. Alidai kwamba yeye si diku.

"Babu yangu aliasiliwa na ukoo wa Kobe," alimwambia afisa. "Mimi ni Horo, Mheshimiwa. Nimejificha tu miaka yote hii."

"Umejificha wapi?"

"Dukani."

Afisa aliandika. Kisha akamgeukia Gansa Horo, mkuu wa ukoo. "Mzee Gansa, suala hili ni lenu. Mnamtambua mtu huyu?"

Njia nzima Jauni alikuwa amemfundisha Gansa neno moja tu la kusema: mwongo. Gansa alisimama, akamkagua Sahu kuanzia kilemba hadi viatu.

"Mtu akisema yeye ni wetu, sisi ni nani hata tumkatae," alisema. "Karibu nyumbani, mdogo wangu."

"Shemeji, umelewa?" Jauni aliuliza.

"Bado. Ni asubuhi." Gansa alimgeukia tena Sahu. "Kuna jambo moja la mifupa. Kila Horo, mume kwa mke, mifupa yake iko chini ya mawe ya ukoo. Babu yako yuko wapi?"

"Alichomwa. Majivu yakatiwa mto Ganga, kule Kashi, mji mtakatifu."

"Na baba yako?"

"Kashi."

Kuhani wetu, Dulka, mtu asiyejua utani, alitikisa kichwa. "Ukoo mzima umesombwa na maji. Nani amebaki?"

"Mama yangu."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Ananipiga mpaka leo."

"Basi hakuna haraka," alisema Dulka. "Akifa, mtatuletea. Tutaanza na yeye."

Sahu alifikiri kidogo, akalitazama bomba la tanuri lake kupitia juu ya ukuta wa shule, akakubali. Afisa aliandika kwamba ukoo utamtambua mdai iwapo atatimiza mila zake, na kwamba atarudi kutoa uamuzi baada ya sherehe ya mawe. Jauni aliondoka bila kumuaga mtu.

Sherehe ya mawe huja mwezi huohuo. Mwaka ule jiwe jipya lilipaswa kuburutwa kutoka kilimani, nalo lilikuwa na upana wa mlango wa ghala. Sahu aliitwa, akaja. Aliwekwa kwenye kamba nyuma ya Gansa. Mpaka jiwe linafika, viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kilemba kimekuwa kitambaa cha kufutia jasho.

"Vuta, mdogo wangu," Gansa alimwambia kila aliposimama kuhema. "Hawa ni babu zako."

Jioni wanaume waligawana nguruwe. Sahu alikuwa hajawahi kula nyama, hata yai. Alisema ana jino bovu. Dulka aliagiza fungu lake lipondwe.

Jauni alimkuta Gansa akinawa mikono kisimani.

"Unamlisha mwizi wangu."

"Hajala. Amelifukia nyuma ya mti, nimemwona."

"Sasa kwa nini unamwita mdogo wako?"

"Jiwe lilikuwa zito, shemeji. Tulipungukiwa mtu."

Jauni alisema akipoteza shamba atakuja kulala kwa Gansa, yeye na mbuzi wake. Gansa alisema mbuzi anakaribishwa.

Kwa mila yetu, mtu mwenye umri mkubwa akitengewa mahali chini ya jiwe, kuhani humpasha habari mwenyewe, ili asiwe na wasiwasi. Siku ya gulio Dulka alivaa nguo safi, akaenda mjini mpaka kwa Sahu. Dwarka alikuwa amekwenda kununua makaa ya tanuri. Mama yake, Ramrati, alikuwa amekaa mlangoni pa duka akimenya njegere.

"Shikamoo, Bibi," alisema Dulka. "Nimekuja kukutoa wasiwasi. Mahali pako papo tayari."

"Mahali pa nini?"

"Pa mifupa. Utalala kati ya Lakhan na mama yake Lakhan. Majirani wazuri, hawana maneno."

Ramrati aliacha kumenya. "Nani kasema?"

"Mwanao. Mbele ya serikali."

"Na Kashi yangu?"

"Kashi haimo," alisema Dulka kwa upole. "Wewe sasa ni mke wa Kobe."

Watu wa duka la jirani wanasema Dulka alitoka pale mbio, na kwamba njegere zilimfuata hadi barabarani. Dulka anasema alitembea.

Afisa aliporudi, Sahu alikuwa wa kwanza kufika barazani. Alikuwa ameanza kueleza habari za kamba na viganja, bajaji iliposimama mlangoni na Ramrati akashuka na fimbo.

"Mama, rudi nyumbani," alisema Dwarka. "Hili ni jambo la shamba tu."

"La shamba lako na mifupa yangu." Alikaa kwenye dawati la wanafunzi bila kukaribishwa. "Andika, mwanangu," alimwambia afisa. "Baba mkwe wangu alikuja kutoka Chapra na punda wa chumvi. Alikuwa Sahu, mtoto wa Sahu. Hakuasiliwa na mtu. Nani angemtaka? Mama yake mwenyewe alimchoka."

"Unaapa, Bibi?"

"Naapa kwa Ganga, ninakokwenda mimi. Huyu akitaka kulala na makobe, alale. Atambae kabisa."

Afisa alimtazama Dwarka. "Mama yako ameapa kwamba wewe ni diku. Unasema anadanganya?"

Ramrati aliinua fimbo kidogo kutoka sakafuni.

"Sisemi," alisema Dwarka.

"Kwa hiyo si wetu?" aliuliza Gansa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Na mwakani kuna jiwe jingine."

Jauni, aliyekuwa amekaa chini mwisho wa baraza, alicheka mpaka akalazimika kujifunika uso kwa pindo la sari.

Hukumu ilisomwa palepale: shamba lirudi kwa Jauni, Sahu aondoe tanuri kwa gharama zake kabla ya mvua. Alichelewa, askari wakaja, bomba likaangushwa mwishoni mwa Jeth, mwezi wa mwisho wa kiangazi. Mvua za Asarh zilipoanza Jauni alipandikiza mpunga shamba lote, isipokuwa pale tanuri lilipokuwa, ambapo udongo ulikuwa umeungua na haushiki maji. Pale alipanda choroko.