Jalada Lililokataa Kukauka

Kila asubuhi saa mbili kamili, karani wa masijala hufungua kabati la tatu, hutoa ndoo, huimwaga kwenye karo la choo cha wanawake, huirudisha chini ya jalada la matetemeko, kisha huketi na kuanza kazi. Maji yale ni ya chumvi. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, ndoo haitoshi, naye huongeza karai. Wakitokea samaki wadogo, tarishi huwafunga kwenye gazeti akampelekea paka wake.

Jalada lenyewe halina ajabu: gamba la kahawia, kamba ya kijani, namba ubavuni. Majalada yaliyo kushoto na kulia kwake ni makavu kabisa. Lilianza kuvuja wiki moja baada ya mawimbi makubwa kuipiga pwani. Fundi bomba aliitwa, akapapasa ukuta, akachovya kidole na kuonja, akasema mabomba yao ni mazima, hiyo ni bahari, na yeye hajasomea bahari. Akafunga mkoba wake akaondoka.

Ndani ya jalada mna ujumbe wa ukurasa mmoja. Siku ile sakafu ya bahari ilipasuka mbali sana, mahali ambapo hata meli hazipiti, na kituo cha matetemeko cha ng'ambo kikatuma ujumbe uleule kwa nchi sita zinazozunguka maji hayo: tetemeko kubwa, mawimbi yanakuja, ondoeni watu pwani. Nchi tano zilitoa onyo: nyingine zilipiga ving'ora, nyingine kengele, nyingine masufuria. Watu wakapanda vilimani, na kutoka huko wakatazama nyumba zao zikisombwa. Walililia nyumba. Nchi ya sita ilikuwa na utaratibu.

Utaratibu ulikuwa kwamba kila kitu kinachotoka nje ya nchi kipigwe mhuri wa SIRI kwanza, kiandikwe kwenye daftari, kipewe namba, kifungwe jaladani, ndipo kipelekwe kwa mkurugenzi. Hata kalenda ya ukutani ambayo kituo kile kiliwatumia kila mwaka ilipigwa SIRI, ndiyo maana haikuwahi kutundikwa. Karani alikuwa ameufuata utaratibu huo kwa miaka ishirini na miwili bila kosa, na alijivunia. Ujumbe uliingia saa tatu na dakika kumi. Aliupiga mhuri mwenyewe, katikati, bila kuupindisha.

Mkurugenzi alikuwepo. Aliusoma, akaandika pembeni kwa wino wake mwekundu: "Nimeona. Tusizue taharuki. Tusubiri maelekezo kutoka juu." Kisha, karani akiwa bado mlangoni, alimpigia simu mkewe.

"Kawatoe watoto shule, uende nao kwa kaka yako kule mlimani," alisema. "Usiniulize. Nenda tu."

Karani alirudi mezani kwake. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika, alikuwa wakati huo akipiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni iliyopakana na ufukwe. Karani aliinua simu. Alibonyeza tarakimu nne. Akamkumbuka mpigachapa aliyefukuzwa mwaka uliopita kwa kuropoka yaliyomo kwenye jalada la siri, akairudisha simu polepole, kana kwamba imelala na yeye hataki kuiamsha. Mawimbi yalifika saa tano kasorobo. Chiriku angeweza kumaliza mashuka yote, akapanda kilima, akashuka kuchukua kanga aliyoisahau, akapanda tena.

Hawakumpata. Tangu siku hiyo mama yao aliacha kulala. Aliketi kwenye kiti kilichoelekea mlango, na kila jioni alimuuliza binti aliyebaki swali moja.

"Hivi, mwanangu, kweli hakuna mtu aliyejua?"

"Subiri ripoti ya tume ya uchunguzi, mama."

Alimaanisha. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia kwa mdomo wake, lakini jalada lilikuwepo, na saa ya kupokelewa ilikuwepo, na wino haukuwa umechuja hata herufi moja. Tume ikilisoma, itasema. Mama atasikia kwa watu wengine, kisha atamlaani au atamsamehe, lakini atajua. Karani alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

Tume ilikuja mwezi wa tatu baada ya mawimbi. Mwenyekiti alipowekewa jalada mezani, maji yalitiririka hadi kwenye viatu vyake. Aliinua miguu, akaiegemeza kwenye kiti cha jirani, akaendelea.

"Hili limelowa."

"Linasomeka, mheshimiwa. Fungua tu."

"Mama, kanuni iko wazi. Nyaraka zilizolowa hazipokelewi. Likaushwe, lirudi."

Karani alilianika juu ya paa kwa siku tisa, kwa vibanio vya nguo, kwenye jua la kupasua mawe. Lilidondosha maji mfululizo. Wenye duka la chini walisogeza meza zao na kuomba waarifiwe mapema siku nyingine. Siku ya kumi alilirudisha mbele ya tume likiwa na kaa mdogo kwenye kibanio cha karatasi, akapiga moyo konde.

"Basi andikeni maneno yangu. Ujumbe niliupokea mimi. Saa tatu na dakika kumi. Mhuri wa siri niliupiga mimi. Mkurugenzi aliusoma, na mimi nilikuwa na simu mkononi."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa.

"Una ushahidi wa maandishi?"

"Si ndilo hilo?"

"Hilo limelowa, mama."

Tarishi, aliyekuwa akipiga deki, alicheka peke yake, akaambiwa atoke.

Ripoti ilisomwa redioni siku ya Ijumaa alasiri. Ilisema kwamba janga halikutabirika, na kwamba hakuna onyo lolote lililopokelewa kwa njia inayokubalika. Ilimsifu mkurugenzi kwa utulivu wake, na ikapendekeza aongoze idara mpya ya maafa. Ukurasa wa mwisho uliiagiza masijala iongeze ndoo moja.

Mama alizima redio. Akaomba chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa naogopa kuna mtu alijua. Ningeishije, mwanangu, nikijua kuna mtu alijua, akamwacha Chiriku wangu anapiga pasi?"

Karani aliweka kikombe mbele ya mama.

"Umesikia lakini? Hakuna aliyejua."

"Nimesikia, mama."

Mama alimaliza chai yake, akainuka kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza bila kushikwa mkono, akajitupa kitandani jua likiwa bado juu. Akalala fofofo. Karani alisimama mlangoni akiusikiliza ule usingizi, akiuchukia, akijichukia zaidi, na akajua kwamba hatamwamsha.